Kopo la Mafuta na Lenzi Kumi na Nne

Binti yangu alifika nyumbani Nyololo Ijumaa mchana, siku ambayo si yake ya kuja, akanipa barua kabla hajanipa shikamoo. Nikajua kuna jambo. Mtoto niliyemlea mimi hasahau shikamoo.

Niliisoma nimesimama mlangoni, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Ilikuwa fupi. Ilitoka kwa msimamizi wake wa masomo kule Mbeya, nayo ilimtaka aeleze, kabla ya Jumatano, namba alizoandika baada ya kutupima sisi wazee alizipataje. Mwisho ilisema kwamba maelezo yake yasiporidhisha, kazi yake ya miaka miwili haitapokelewa, na jina lake litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

"Alizipataje, maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake nimezipika, Mama."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nimefundisha watoto wa kipaimara kwa miaka mingi, na katika amri zote, niliyoikazia kuliko nyingine ni ya nane, ile inayokataza ushuhuda wa uongo. Binti yangu aliisomea amri hiyo kwenye benchi la mbele, akaijibu kanisani mbele ya watu akiwa amevaa gauni jeupe nililolishona kwa mkono wangu. Sasa nilikuwa na karatasi yenye muhuri inayosema amedanganya.

Ili jambo hili lieleweke, nieleze kwanza kazi yake.

Binti yangu anasomea vipimo vya macho kwenye maabara moja ya Mbeya, na amepanga chumba Iyunga. Utafiti wake ulihusu lenzi laini, zile ambazo vijana wa mjini huzivaa ndani ya jicho badala ya miwani. Mara ya kwanza aliponionyesha moja nilirudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa imekaa kwenye ncha ya kidole chake kama gamba la samaki lililoloa, nyembamba, unaona hadi upande wa pili.

"Hii inaingia jichoni?"

"Inaingia, na inatoka."

"Na Mungu aliyeweka kope ili kitu kisiingie, umemwambia?"

Alicheka mpaka lenzi ikadondoka sakafuni, tukaitafuta wote wawili kwa magoti.

Baadaye alinieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza mambo ya Mungu alipokuwa mdogo. Machozi si ya kulia tu. Kila tunapopepesa, kope hutandaza utando mwembamba wa machozi juu ya jicho, na tunaona vizuri kwa sababu utando huo umetandaa sawasawa. Sekunde chache zikipita, utando hupasuka, jicho huanza kukauka, nasi tunapepesa tena bila kujua. Ukivaa lenzi, machozi hayana budi kutandaa juu ya lenzi, na hapo hupasuka mapema zaidi. Alichotaka kujua ni hiki: kwa sisi tunaoishi kwenye baridi na upepo wa huku juu, tunaopikia kuni, utando huo unadumu kwa muda gani kabla ya kupasuka? Wanafunzi wa Mbeya alikuwa ameshawapima. Sasa alihitaji watu wazima wa kwetu.

Nilishangaa sana siku ile. Nilikuwa na miaka sabini na miwili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kila ninapopepesa ninaoshwa. Nilikwenda kulala nikishukuru kwa kope.

"Nikuletee wangapi?" nilimuuliza asubuhi.

"Kumi na wanne, na wewe ukiwemo. Wasiwe na ugonjwa wa macho. Waje wamenawa uso tu."

Kupata watu haikuwa kazi. Niliwaambia wazee wa kanisa na waimbaji wa kwaya ya wazee, na baada ya ibada moja nilikuwa na orodha kamili. Siku ya safari tulipanda Coaster asubuhi, watu wamevaa makoti ya Jumapili, akina mama wamefunga vitenge vipya. Ulikuwa mwezi wa saba. Anayejua Nyololo mwezi wa saba anajua baridi yake. Umande unakuwa mweupe kwenye nyasi, na ngozi ya mtu isipotunzwa inakuwa kama gome la mti.

Na hapa lazima niseme jinsi tulivyolelewa. Kwetu kuoga kuna sehemu mbili, maji na mafuta. Mtu aliyeoga asipake mafuta hajamaliza kuoga. Mtoto akienda shule amepauka, mwalimu hamuulizi mtoto, anamuulizia mama. Hivyo kopo la mafuta ya mgando halitoki kwenye mkoba wangu. Ninalo pamoja na kitabu cha nyimbo na leso, na nikilisahau nyumbani najisikia kama nimetoka bila viatu.

Tulipokaribia Makambako jua lilipenya vizuri dirishani, nikageuka kuwatazama watu wangu. Nilichokiona hakikunifurahisha. Wengine walikuwa wameoga kwa haraka ya safari, na upepo wa dirisha ulikuwa umewakausha. Mzee mmoja anayeimba besi, mtu mbishi ambaye nimeshirikiana naye kwenye baraza la wazee muda mrefu, alikuwa amepauka hadi masikioni.

Nikatoa kopo.

"Jamani, hatuendi shambani. Tunakwenda kwa wasomi. Mmoja mmoja, leteni nyuso."

"Mama Mwinjilisti, mimi nimeshajipaka," alisema mzee wa besi.

"Ulijipaka lini, siku ya ndoa yako?"

Gari zima lilicheka. Nilipita kiti hadi kiti nikishikilia vyuma vya juu, nikachota kwa vidole viwili, nikawapaka paji la uso, mashavu, na juu ya kope, maana kope ndizo zinazotangulia kukunjamana.

"Fumba macho."

"Unanipaka kama chapati," alinung'unika mzee wa besi.

"Nyamaza. Unataka waseme Nyololo hakuna mafuta?"

Nilipomaliza nilijipaka mwenyewe, nikafunika kopo. Niliwatazama tena. Nyuso zote zilikuwa ziking'aa, na nilijisikia vizuri kama mama aliyewaandaa watoto wake kwa sikukuu. Gari liliteremka mlima hadi Igawa, tukavuka tambarare ya Usangu, ng'ombe wa wafugaji wakivuka barabara bila haraka, joto likaanza kidogo, mafuta yakalainika usoni. Sikuwaza lolote.

Binti yangu alitupokea mlangoni akiwa na koti jeupe. Moyo wangu ulijaa. Alitusalimia wote kwa mikono miwili, akagawa karatasi, kisha akasoma maswali kwa sauti kwa ajili ya wale wasioona maandishi madogo. Nani anaumwa macho? Hakuna. Nani anatumia dawa ya matone? Hakuna.

"Kuna aliyejipaka vipodozi leo? Poda, wanja, krimu, kitu chochote usoni?"

Wenzangu hawakupata nafasi ya kujibu. Nilijibu mimi.

"Mwanangu, hawa ni wazee wa kanisa. Wanja wa nini?"

Wakacheka, na mzee wa besi akasema, "Labda Mama Mwinjilisti mwenyewe," wakacheka zaidi. Binti yangu naye alicheka, akaweka alama ya hapana kwenye karatasi kumi na nne. Na hata yeye, aliyekulia kwenye nyumba yangu, hakushangazwa na nyuso zile. Angezionaje? Tangu azaliwe anaona nyuso zinazong'aa. Kwake huo ndio uso.

Tulipimwa jicho la kulia peke yake. Alinawa mikono, akatoa lenzi kwenye maji yake ya chumvi, akaniwekea. Nilihisi ubaridi tu. Tulisubiri robo saa ili lenzi itulie. Halafu niliweka kidevu kwenye kifaa kilichofanana na bakuli lililolazwa ubavu, ndani yake kuna duara za mwanga, moja ndani ya nyingine. Duara hizo, aliniambia, huonekana juu ya machozi kama sura inavyoonekana kwenye kisima. Yeye alikuwa upande wa pili akichungulia kwenye tundu, mkononi ana saa ya kuhesabia sekunde.

"Pepesa mara mbili, Mama. Sasa tulia, usipepese."

Duara moja ikijikunja au kukatika kama uzi, alibonyeza saa. Alirudia mara tatu kwa kila mtu. Niliona ukungu kwenye jicho lile, na wenzangu wakasema hivyohivyo, tukadhani ndiyo tabia ya lenzi. Baada ya kunipima alinitoa lenzi, nikaenda nje kunywa chai. Lenzi za kila mtu alizitia kwenye chupa ndogo zenye namba, akazihifadhi kwenye jokofu kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya kazi yake. Siku hiyo alikuwa peke yake. Msimamizi alikuwa amesafiri.

Msimamizi aliporudi alisoma zile karatasi. Pale kwenye ngazi, Ijumaa ile, binti yangu aliniambia alivyosema, na aliyasema bila kulia, jambo lililonitisha zaidi.

"Amesema, 'Wanafunzi walikuwa sekunde sita, tisa, kumi na moja, tano. Hawa wazee, watu kumi na watatu, wote mbili na tatu? Hata punje za gunzi moja hazilingani hivi.' Nikamwambia yupo mmoja wa sekunde nane. Akasema, 'Ndiyo, huyo mmoja ndiye ameniogopesha. Anayepika hakosi kutia chumvi kidogo.'"

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nilipima."

Hapo nikauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika mdomo.

"Mwanangu, uliwapima kweli?"

Alinitazama. "Mama, ulikuwepo."

"Mimi ulinipima. Hao wengine nilikuwa nje nakunywa chai."

"Sawa, Mama," akasema. Akainuka, akachukua ndoo, akaenda bombani, ingawa maji yalikuwepo.

Nilibaki kwenye ngazi nimeshikilia barua. Nilijishangaa. Mtu wa Mbeya asiyemjua alimshuku kwa karatasi, na mimi niliyemzaa nikamshuku kwa karatasi hiyohiyo. Jumamosi yote tulivuna maharage kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba, yeye mstari wake na mimi wangu. Aliniandalia chai. Alinisaidia kubeba. Hakuniambia neno lisilo la lazima. Niliomba mara nyingi siku ile, lakini kila nilipoanza sala nilijikuta nasema tu, Bwana, sijui.

Jumapili asubuhi nilioga, nikakaa kitandani karibu na dirisha na kioo changu kidogo. Binti yangu alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai, amejitanda khanga mabegani. Nilichota mafuta, nikapaka paji la uso, mashavu, nikafumba macho nikapitisha vidole kwenye kope, kushoto na kulia.

"Mama," akasema. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya sasa hivi. Machoni."

Nilirudia. Aliweka kikombe chini bila kukitazama, kikapinduka, chai ikamwagika sakafuni, naye hakugeuka.

"Siku ya kipimo ulijipaka hivyo?"

"Mwanangu, ningeendaje Mbeya bila kujipaka?"

"Na wenzako?"

"Nilimpaka kila mtu kwenye gari. Walikuwa wamepauka, ungeona aibu."

Alikwenda jikoni akarudi na sahani mbili za bati na kikombe cha maji. Sahani moja aliiacha kama ilivyo. Nyingine aliipaka mafuta yangu kidogo sana, kwa kidole kimoja, huwezi hata kuyaona. Akamimina maji kwenye ile ya kwanza. Yalitandaa hadi ukingoni, yakakaa. Akamimina kwenye ile ya pili. Maji yalijikusanya matone matone, yakakimbiana, yakaacha sehemu kavu katikati.

"Sahani ni lenzi," alisema. "Maji ni machozi. Mama, mafuta ya kope yanateremka na kope. Nyinyi mlikuwa mnapepesa mafuta."

Niliitazama sahani. Kidole kimoja tu cha mafuta. Kopo moja na mkono mmoja, watu kumi na watatu. Ndiyo maana namba zimefanana. Aliyezifananisha ni mimi.

"Lakini niliuliza," alisema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Niliuliza mlangoni. Nani alinijibu?"

Alijua nani alimjibu.

Mafuta kwangu hayakuwa kitu kilichopakwa usoni. Yalikuwa sehemu ya uso. Huo ndio ukweli, na ningeweza kujitetea nao. Lakini haukuwa ukweli wote. Aliuliza kuhusu kitu chochote, na badala ya kufikiri nilijibu kwa niaba ya watu kumi na watatu ambao hawakunituma, kwa sababu nilifurahi kuonyesha kwamba wazee wangu si watu wa wanja. Nilitoa ushuhuda usio wa kweli mbele ya mwanangu, kwa majivuno, huku watu wakicheka. Na siku mbili zilizopita nilimwuliza yeye kama amedanganya.

Nilinawa uso kwa sabuni, mara mbili, nikaenda kanisani hivyohivyo. Tulipofika kwenye maungamo, maneno niliyoyatamka maisha yangu yote niliyasema polepole, neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kujua kabisa ninaungama nini.

Jumatatu tulisafiri wote wawili. Sikujipaka. Ngozi ilinikaza mashavuni njia nzima, na mkono wangu uliingia kwenye mkoba mara kadhaa wenyewe, nikaurudisha.

Msimamizi ni mtu mzima mwenye sweta la kijivu na sauti ya chini. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kujishtaki."

Nilimweleza yote, tangu Makambako hadi mlangoni. Sikupunguza. Nilipofika mahali pa wanja alitabasamu kidogo, kisha akaacha.

"Mama, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini wewe ni mama yake. Mama anaweza kusema lolote kumwokoa mwanawe."

Maneno hayo yalinipiga kama kofi, na hayakuwa ya dharau. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshatoa ushuhuda mmoja mbovu kwenye jengo lile, angeupokeaje wa pili?

Binti yangu akasema, "Lenzi zipo."

Alizileta kutoka kwenye jokofu, chupa kumi na nne. Akazipanga mezani. Msimamizi mwenyewe alichukua ya kwanza, akaishika lenzi kwa kibano, akaiweka chini ya hadubini, akainama. Akachukua ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nimekaa pembeni nikishika mkoba kwa mikono yote miwili. Kila alipoinua kichwa nilijaribu kusoma uso wake, sikuweza.

"Njoo uone, Mama," alisema mwishoni.

Nilichungulia. Mwanzoni niliona mwanga tu, halafu nikaona. Lenzi ilikuwa imejaa vitone vya mviringo, vikubwa na vidogo, vimeng'ang'ania kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi wa nyama. Hayo nilimwekea mtu jichoni, nikamwambia afumbe macho, naye akafumba kwa sababu ananiamini.

Aliendelea hadi chupa ya tisa. Hapo alitulia muda mrefu kuliko kwingine.

"Hii ni safi," alisema. "Haina hata tone."

Binti yangu alifunua karatasi zake. "Namba tisa. Ndiye mwenye sekunde nane."

Tulitazamana wote watatu. Namba tisa alikuwa mzee wa besi.

"Huyu hukumpaka?" msimamizi aliniuliza.

"Nilimpaka. Yeye hasa ndiye niliyempaka sana."

"Mpigie simu. Usimwambie kwa nini."

Nilipiga, simu nikaiweka mezani isikike kwa wote. Alinisalimia kwa kelele, kwa lugha ya nyumbani, kuku wakilia nyuma yake.

"Mama Mwinjilisti! Kamwene!"

"Kamwene. Siku ile ya Coaster, nilikupaka mafuta usoni?"

Kuku ndio waliosikika.

"Kwa nini unauliza?"

"Jibu tu, mzee mwenzangu."

"Utakasirika."

"Sikasiriki."

"Uliponipa kisogo nilifuta yote kwa mkono wa koti. Yananinata, Mama. Miaka yote unanipaka, miaka yote nafuta. Mke wangu analalamika koti haliishi madoa. Basi, umefurahi?"

Msimamizi alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika. Mimi nililia. Machozi yalitoka yenyewe, mengi. Miaka yote nilimwona mtu yule mbishi asiyefundishika, na Mungu alikuwa amemwacha na ubishi wake kwa ajili ya siku hii.

Lakini msimamizi hakumaliza hapo. Alisema, "Lenzi zimekaa wiki tatu. Nataka nione leo, nikishika saa mwenyewe. Mama, unakubali?"

Alinipeleka chumba cha pili kwenye mashine kubwa yenye skrini. Aliniwekea lenzi mpya, tukasubiri robo saa. Nilipoinamia mashine, binti yangu alisogeza skrini ili nione kwa jicho la kushoto, na pale nilipata mshtuko mwingine. Jicho langu lilikuwa kubwa kama ungo. Kope zilikuwa kama nyasi za mlimani. Na duara za mwanga zilitulia juu yake, safi, hazitikisiki. Saa ilihesabu. Sekunde tisa ndipo duara moja ilipojikunja.

"Sasa jipake," alisema. "Kama siku ile."

Nilitoa kopo. Sikuwahi kulifungua kwa woga kabla ya siku hiyo. Nilipaka mashavu, nikapaka kope. Aliweka lenzi nyingine, tukasubiri tena. Nilipepesa mara mbili. Juu ya jicho langu zilionekana rangi, bluu, zambarau na njano, zikizunguka kama mafuta ya gari kwenye dimbwi la stendi, na duara zikakatika karibu zote kwa pamoja. Alibonyeza saa.

"Mbili," alisema.

Alirudia mara tatu, kama binti yangu alivyofanya. Mbili. Mbili na nusu. Mbili.

Alizima mashine. Aliomba ile barua, nikaitoa kwenye mkoba. Chini yake, kwa kalamu, aliandika: Ameeleza, nimeona. Akaweka sahihi. Kisha alimgeukia binti yangu na kumwambia, bila kuzungukazunguka, "Samahani. Ulipima vizuri. Ulipima mafuta ya mama yako kwa uaminifu mkubwa."

"Wazee itabidi warudi," binti yangu alisema.

"Warudi wote. Na hilo swali la vipodozi lifute. Andika, umepaka mafuta gani leo, na wapi. Usiulize kama wamepaka."

"Nitawaleta," nilisema. "Wakavu."

"Mama," akasema msimamizi, "na safari hii kila mtu ajijibie."

Niliitikia kwa kichwa. Nilistahili.

Tulitoka nje jua likiwa upande wa magharibi na upepo wa Mbeya ukivuma kutoka mlimani. Nilikuwa nimenawa tena, uso umekaza kama ngoma. Tulitembea hadi getini. Hapo nilisimama, maana nisingeweza kupanda gari na jambo lile bado lipo kati yetu.

"Ijumaa nilikuuliza neno baya," nilisema. "Nisamehe."

Alitazama barabara. Pikipiki mbili zilipita. Kisha akanitazama usoni, akanikagua kama mimi ninavyowakagua watoto wa watu.

"Umepauka, Mama."

Aliingiza mkono kwenye mkoba wangu, akatoa kopo, akachota kidogo kwa vidole viwili. Watu walikuwa wakipita, sikuona aibu. Alinipaka paji la uso, akanipaka mashavu, polepole. Alipofika kwenye macho alizunguka mbali.